Chuma, Wembe na Masikio ya Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke, wala usitafute nani kaingia chumbani. Sauti inayokusalimia si ya jirani wala ya mgeni. Ni ya kompyuta iliyo mezani mbele yako, na maneno ni yangu mimi, Chiriku wako, neno kwa neno. Nimemwagiza kaka akuvalishe hedifoni, atoke, afunge mlango. Kama bado amesimama hapo anajifanya kupanga waya, mfukuze. Barua hii ni ya masikio yako peke yako, na tangu macho yako yalipozima sijawahi kupata nafasi ya kusema hivyo.

Hali yako je? Miguu bado inavimba jioni? Dawa ya presha unaimeza kweli, au bado unaificha chini ya ulimi ukingoja wifi ageuke? Sisi huku hatujambo, na safari hii nitakueleza hatujambo vipi. Ila kwanza nikupe vituko vya nyumbani kwangu, ujue mashine hiyo imekufikiaje.

Mimi na kaka tulipokubaliana tukununulie kompyuta ya kukusomea kwa sauti, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nimechokoza nyuki! Kaka alipofika kwetu tuende kununua, akamkuta mkwe wako ana msimamo wake. Mkwe wako, kama ujuavyo, kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, na anatumia zile kompyuta nyembamba ambazo ofisini kwao wanaziita Wembe. Kaka na mafundi wenzake wa majenereta wanatumia zile nene nyeusi, karakana nzima wanaziita Chuma. Majina ya kiwandani sidhani kama wenyewe wanayakumbuka.

Basi ikawa vita. Kaka alisema Wembe, mtu akipiga chafya karibu yake, unavunjika, na kipuri chake utakitafuta hadi uote mvi. Mkwe wako akajibu kwamba Chuma si kompyuta bali ni tofali lenye waya, linanguruma na kupata moto mpaka unaweza kupigia pasi. Kaka akasema heri joto kuliko betri iliyogandishwa kwa gundi, maana ikifa hiyo umezika na kompyuta yenyewe. Mkwe wako akasema kaka hajawahi kupenda kitu kisichonuka dizeli. Hapo kaka akanigeukia mimi, akasema mtoto akililia wembe mpe. Nilicheka hadi nikamwaga chai. Lakini walipoendelea hivyo wiki nzima, watu wazima wenye ndevu zao, kicheko kiliniishia.

Kilichonipandisha mori ni kioo. Mkwe wako alikuwa anasifu kioo cha Wembe, rangi zake, jinsi kinavyong'aa hata ukiwa juani. Kaka, badala ya kumshangaa, akamjibu kwamba kioo cha Chuma ni kipana zaidi. Mama, wanabishania kioo! Nilisimama nikawauliza, kwani kompyuta hii ni ya nani? Nikawauliza tena, mama ataangalia nini kwenye hicho kioo? Kaka aliinamisha kichwa. Mkwe wako akavua miwani akaanza kuifuta, na wala haikuwa na vumbi. Wanakupenda wote wawili, ndiyo maana walikuwa wanatoana jasho, ila kwa ubishi wao walishasahau kwamba huoni.

Kesho yake nikawaburuta dukani. Muuzaji alikuwa mama mmoja mpole, akatuwekea Chuma na Wembe kaunta, bega kwa bega. Akatueleza kwamba programu ya kusoma ni moja, unaiweka kwenye yoyote kati ya hizo, na sauti haibadiliki hata chembe. Wanaume wangu wakatazamana kama waliofumaniwa. Yule mama akaniambia niandike chochote nijaribu. Nikaandika: Mama, hujambo? Akabonyeza.

Mama, sijui nikuelezeje. Si kwamba sijawahi kusikia mashine ikiongea. Hata lifti ya kazini kwetu inaongea, inataja ghorofa. Lakini hayo ni maneno iliyofundishwa kukariri. Haya yalikuwa yangu, ndiyo kwanza yametoka kwenye vidole vyangu, na kitu kisicho na mapafu wala ulimi kikayasema, kwa Kiswahili chetu, taratibu, hata alama ya kuuliza kikaipandishia sauti. Nikaandika tena, nikaandika tena, kila nikiandika kinasema. Kaka, ambaye hata jenereta likilipuka huuliza tu nani katia mafuta, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba Mungu ni mkubwa. Mkwe wako alishikilia kaunta. Tulisimama pale kama watoto waliotoka nje kutazama mvua ya mawe.

Najua umeshazisikia kasoro za huyu msomaji wetu wa kwenye mashine. Anasoma kama mtangazaji wa habari aliyenyimwa chai, hacheki ninapocheka, na mahali pengine anasahau kupumua. Lakini hachoki, Mama. Ukitaka arudie mara kumi atarudia, na hatakuuliza kwa nini.

Mshangao ulipowatoka, wale wawili wakaanza upya, sasa ni spika za ipi zinatoa sauti nzuri. Nikawaambia anayeongea tena atarudi nyumbani kwa miguu. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikajifunga macho palepale dukani, watu wakinitazama kama mwendawazimu. Nilikumbuka ulivyonifundisha kupiga taipu kwenye meza ya jikoni, umenifunika mikono kwa taulo nisichungulie, ukiniambia kidole nacho kina macho yake. Ofisi ya maji miaka yote ile walikushangaa, unapiga barua za mkurugenzi huku unatazama dirishani. Macho yamekwenda, Mama, vidole bado unavyo.

Nikaweka vyangu kwenye Wembe. Vitufe vimelala, laini kama mgongo wa sahani, nikapotea kama mgeni gizani. Nikahamia Chuma. Kila kitufe kimeinuka na kina kibonde chake, na kwenye F na J vile vipele viwili vikanigusa vidole vya shahada, mahali pale pale uliponionyesha utotoni. Niliandika ukurasa mzima nimefumba macho, na ulipokuja kusomwa, kosa lilikuwa moja tu. Mkwe wako ndiye aliyesema, kwa mdomo wake mwenyewe, tuchukue Chuma. Kaka akaanza kutamba, nikamwambia afunge domo lake, kwa kuwa siku zote hizo hakuwahi kutaja vitufe hata mara moja.

Sasa sikia, Mama, na kama umesimama, kaa.

Tangu wifi aanze kukusomea barua zangu, kuna mambo sikuandika. Wifi ni mtu mwema, Mungu ambariki, kakusomea kwa moyo mweupe. Ila anasomea barazani, kwa sauti ya mnadani, na majirani wanavuta viti. Simu nayo unaiweka spika, nyumba nzima inaitikia salamu. Kwa hiyo nikawa naandika hatujambo, hatujambo, kila barua. Hali haikuwa hivyo. Nilipata mimba, ikatoka. Nikapata nyingine, nayo ikatoka, ikiwa imekua kiasi kwamba tulishamchagulia jina. Nilitamani kukulilia wewe, Mama, si baraza zima. Nilipokuja nyumbani ukanishika uso kwa viganja vyako ukasema nimekonda, nikasema ni kazi. Siku ile ningefungua mdomo nisingeweza kuufunga.

Mama, nina mimba. Imeshapita pale zile mbili zilipoishia. Anayejua ni mkwe wako tu, na sasa wewe. Hata kaka aliyekubebea mashine hii hajui amebeba nini. Juzi kliniki nesi aliniwekea kifaa tumboni, kikakwaruza kidogo, halafu chumba kizima kikajaa sauti. Nilishika ukingo wa kitanda. Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja namna ile. Mkwe wako alitoa simu, nesi akamsaidia kuishika, akairekodi sauti ile.

Naomba unijibu kwa vidole vyako mwenyewe, na ukikosea herufi usihangaike, nitaelewa. Nisalimie wifi, mwambie namshukuru, sasa apumzishe koo. Wabusu watoto wa kaka. Mkwe wako anakuamkia shikamoo, naye anakuomba umuombee mkewe.

Ukishasikia jina langu, sauti hii itanyamaza. Usivue hedifoni. Mkwe wako amepanga kitu kifuate: utasikia mlio wa haraka haraka, kama cherehani iliyokanyagwa kwa nguvu. Usimwite kaka, Chuma hakijaharibika. Nesi amesema ndivyo mioyo ya watoto wa tumboni inavyokimbia. Msikilize mjukuu wako, Mama.

Mimi binti yako nikupendaye,

Chiriku