Raba Imerudi Kwenye Mpini

Chepkwony, rafiki yangu,

Raba imerudi. Nilitaka kuanza na salamu kama watu wengine, nikuulize uko namna gani, lakini najua uko wapi. Kwa hivyo nakuambia kwanza lile lililonikalisha chini na kalamu. Jumatatu asubuhi nilipita chumba cha mitambo hapa kiwandani kwetu kwa maziwa na ndoo yangu ya kuoshea sakafu, nikaona kipande cheusi cha tyubu ya pikipiki kimezungushwa kwenye mpini wa ile valvu ya kutolea oili. Kimefungwa vilevile ulivyokuwa ukifunga wewe, kwa lile fundo lenu watu wa huku la kufungia mtungi wa maziwa nyuma ya pikipiki, usianguke kabla ya kufika Sotik. Nilisimama hapo kama mjinga. Kwa muda kidogo nilidhani umerudi kazini.

Ni Weldon, mtu wa Kipkelion waliyemwandika mahali pako. Si mtu mbaya. Anasalimia watu, anakula na sisi, na anaogopa kufutwa kama tunavyoogopa wote. Hakuna aliyemfundisha ile raba. Aliibuni mwenyewe, vile ulivyoibuni wewe, na hilo ndilo linalonitisha.

Wewe ndiye uliyenieleza ile valvu, mimi niliyeachia shule darasa la sita. Siku hizo nilikuwa nikikubebea ndoo. Ulisema oili ya mashine hutangatanga na ile gesi ya amonia inayopoza maziwa, mwishowe inakusanyika chini ya tangi, na ni lazima itolewe. Ukashika mpini ukanionyesha springi yake. Ukishika, oili inatoka. Ukiachilia, mpini unajifunga wenyewe. "Ni kama kukamua tu, Wafula. Mkono ukitoka kwa titi, maziwa inakoma. Lakini nyinyi watu wa Bungoma mnajua kuku peke yake." Nikakuambia kuku hajawahi kuua mtu. Ulicheka mpaka ukaweka ndoo chini.

Oili ile ni nzito kama uji wa wimbi. Inatoka polepole, na msimamizi wetu hawezi kuvumilia kuona mtu mzima amechuchumaa mahali pamoja asubuhi nzima. "Chepkwony, unakamua ama umelala?" Magari ya maziwa yamejaa getini, na mtu wa kuyafungia paipu za kushushia maziwa hakuna. Basi ukatoa raba kwenye pikipiki yako, ukafunga mpini, oili ikawa inajitoa yenyewe huku wewe uko kwenye magari. Ukawa watu wawili. Kila mtu aliiona ile raba. Msimamizi mwenyewe alikusifu, akasema wewe ndiye fundi wa kweli, wengine ni wa kujaza nafasi.

Siku ile walikuita kutoka getini. Nilikuwa nyuma nikiosha mitungi, nilisikia jina lako. Uliitika na kukimbia, maana hukupenda kuitwa mara mbili. Oili ikaisha ukiwa huko. Na oili ikiisha, kinachofuata ni gesi yenyewe.

Niliisikia machoni kabla ya puani. Halafu wingu jeupe likatoka mlangoni likitambaa chini, kama ukungu unavyoshuka kwenye chai asubuhi. Wachuma chai wa ng'ambo ya ua wakatupa vikapu na kukimbia kuteremka, na wingu likateremka nao, kwa sababu upepo ulikuwa unaelekea huko. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakimbilie pembeni.

Sisi sote tulikimbia kutoka. Wewe ukarudi ndani. Chepkwony, hilo bado sijaweza kulimeza. Uliloweka shati lako kwenye maji, ukajifunga mdomoni, ukaingia. Walipokutoa valvu ilikuwa imefungwa, na kile kipande cha raba kilikuwa mkononi mwako, kimekatwa. Ulikuwa bado unapumua. Sitaki kuandika vile ulivyokuwa unapumua.

Baada ya mazishi meneja alituita mkutano. Pasta aliomba, kisha meneja akasema ajali ililetwa na uzembe wa mtu mmoja. Alisema mtu mmoja, hakutaja jina. Mkeo hakuwa hapo, namshukuru Mungu. Bado anapeleka maziwa kwa ile gari ya Silibwet, na yanakuja hapa, yanapozwa na gesi ileile. Nilimkuta sokoni akaniuliza kama ni kweli ulikuwa mzembe. Nikamwambia ulikuwa unaitwa mno. Akanipa kabeji mbili na akakataa nilipe.

Unataka kujua kilichobadilika. Ukuta umepakwa rangi. Kuna ubao mkubwa wa usalama getini. Kuna kitambaa cha rangi ya machungwa kwenye mlingoti, cha kutuonyesha upepo unaenda wapi. Barakoa za gesi zimeletwa, nzuri kabisa, zimefungiwa kabatini, na ufunguo uko na mtu wa stoo, ambaye akienda zake huwa ameenda nao. King'ora kipya kilikuwa kinalia kila tukiosha sakafu kwa dawa, basi mtu amekivisha mfuko wa plastiki. Tangu hapo kimenyamaza. Asubuhi nikifungua mlango nasikia ile harufu kidogo, ya kuwasha macho, na wenzangu wanasema ni harufu ya kazi. Mabomba yale ya nyuma yameanza kuchubuka. Napita hapo haraka, siku hizi nimekuwa mtu wa kupita haraka.

Juzi niliifungua ile raba mbele ya Weldon. Akaniambia, "Mzee, usinimalize. Nikishika hii mpaka saa sita, nani atafungia magari paipu?" Ni swali la haki. Kwa hivyo nikaenda kwa msimamizi. Nikamwambia mtu akiwa kwenye valvu asiitwe, magari yapewe mtu mwingine. Akaniangalia kutoka buti mpaka kichwa. "Wafula, wewe ni wa kuosha sakafu. Gesi imekuingia kichwani?" Watu wakacheka. Nilisema tena. Akachoka na mimi. "Haya, Weldon akae kwa magari, valvu shika wewe, si ulikuwa mtu wa Chepkwony? Na magari yakichelewa, jioni unapanda gari ya Bungoma." Nikamwambia bila barakoa shingoni mwangu sifungui. Akasema ataona.

Kwa hivyo ni kesho, Chepkwony. Sina hakika kama kabati litafunguliwa. Nikifutwa sijui nitawaambia nini nyumbani. Mke wangu anasema nirudi tu, nilime, lakini unajua shamba letu lilivyo, ukijinyoosha umelala kwa jirani. Nimechoka. Mikono inauma hata nikishika kalamu, na kesho inatakiwa ishike mpini.

Sasa hivi nimekaa nje ya nyumba zetu za laini, hizi za wafanyakazi. Wanawake wanachambua mboga na watoto wanapiga mpira wa makaratasi. Kutoka hapa kile kitambaa cha mlingotini kinaonekana. Kimenyooka, na kinaelekea huku kwetu. Hakuna anayekiangalia ila mimi.

Siandiki haya kukulaumu. Ulifunga raba kwa sababu mikono yako ilikuwa inatakiwa mahali pawili. Kile ulichoshika mwishowe ulikishika vizuri.

Basi pumzika. Nitampitia mkeo Jumapili kama nitakuwa bado niko upande huu, nitamwambia umenisalimia. Ile raba ya Weldon nimeikata vipande, nikaitupa chooni. Na ahadi yangu ni hii moja. Kesho kabati likifunguliwa, mkono wangu utakuwa kwenye mpini mpaka oili iishe. Wakiniita kutoka getini, hata wakiita kwa matusi, hata nikisikia ni sauti yako inayoniita, nitafunga kwanza, ndipo niitike.

Ni mimi,
Wafula wa ndoo