Kiti Chenye Waya

Jumatatu, 4 Machi

Kazi imeanza! Madodoso ishirini, kalamu mbili, kitambulisho chenye picha niliyofumba macho. Daktari — wa chuo kikuu, si wa sindano — katueleza kwa mara ya tatu: kila kitu ndani ya nyumba kina alama. Redio, kitanda, kila kiti alama moja. Kaya isiyozidi alama kumi ni maskini, na watoto wake watapewa sare na chakula cha mchana shuleni. Ikizidi, basi. Kasema tuandike tunachokiona. Rahisi.

Asubuhi mtoto wangu kanikojolea nikiwa mlangoni natoka. Baba yake akacheka: msomi wangu, ukimaliza kupima umaskini wa watu, rudi upime na huku.

Njiani nikaomba. Mungu, nisiwahesabu watu wako kama magunia.

Jumanne, 5 Machi

Kaya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ya kwanza ya mama mfua nguo, mjane, anaishi na wajukuu wawili. Vidole vimekunjamana kwa maji. Viti vinne vya plastiki vya bluu vimepangwa kama vya harusi, kimoja mguu umefungwa waya. Nikakalia hicho hicho. Nilipouliza kuhusu milo, akasema wanakula, wanashukuru. Alama kumi na moja. Wametoka kwenye msaada.

Ya pili, ya kinyozi. Viti vinne vya bluu. Nikasema moyoni, mtaa huu wanapenda bluu. Ila mjukuu wa mfua nguo alikuwa pale uani, anahema kama katoka mbio.

Ya tatu, ya muuza mkaa. Nimekaa tu, kitu kikanichoma paja. Waya!

Nimecheka peke yangu njia nzima. Mimi nazunguka kwa mbele, viti vinapita kwa nyuma!

Jumatano, 6 Machi

Mtoto anaota meno. Nimechoka hadi nywele.

Kicheko kimeisha. Nyumba tatu nimeziandikia viti kumi na viwili, na viti ni vinne tu. Muuza mkaa nimemuuliza, kasema ni vyake, na yeye na kinyozi wamepita kumi hata bila viti. Lakini mfua nguo bila viti ana saba. Wajukuu wake wangeingia.

Andika unachokiona. Niliviona! Lakini Mungu naye aliniona nikiviona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwa mfua nguo, mikono mitupu. Kiti hata kimoja hakuna. Kageuza ndoo, kaifuta kwa upindo wa gauni, nikaketi. Nikamweleza kwa upole, lakini sikuzunguka: viti vile vinawanyima wajukuu wako.

Akaendelea kufua. Akasema bila kuinua macho: 

"Mgeni wa kwanza tangu tumzike mume wangu, nimkalishe kwenye ndoo?"

Nikamwambia nimekalia ndoo na sijaanguka. Akatabasamu, akakamua shati la mtu mpaka tone la mwisho.

"Futa, mwanangu. Ila usiandike kwamba niliazima. Andika sina, basi."

Nikamwahidi. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka: kila kilichofutwa lazima kiandikiwe sababu pembeni, na sahihi yangu.

Sasa nimejitia kitanzi.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani mtoto kalala kifuani mwangu ibada nzima. Neema tupu! Mhubiri kasema juu ya kutoa. Mimi nikawaza juu ya kupokea — kwamba yule mama alinipokea kwa vyote alivyoweza kupata, nami nikavigeuza alama dhidi yake.

Dodoso lina swali la paa, la choo, la redio. La jirani wa kukuazima viti vinne halina. Ningemwambia Daktari. Lakini nikisema, ndio nimeshasema ya yule mama.

Nimeomba, sijajibiwa. Hata hivyo moyo umetulia. Kazi hii naipenda.

Jumatatu, 11 Machi

Mtoto ana homa kidogo. Nimempigia Daktari kuomba ruhusa. Kasema nisihangaike, saa tano atapita mwenyewe kuchukua madodoso.

Atapita! Hapa!

Tuna kitanda, meza, na stuli moja ambayo baba mtoto kaenda nayo karakana. Nimefagia mara mbili, kana kwamba kufagia kunaotesha viti. Mwisho nikaenda kwa jirani, mshona mapazia. Hata sijafungua kinywa.

"Viwili au vitatu, shoga?"

Nikachukua viwili, vyenye mito myekundu. Nimevipanga. Nimerudi nyuma hatua mbili kuvitazama vinavyopendeza — hapo ndipo nikajiona mwenyewe. Nikakaa kitandani nikacheka mpaka mtoto kaamka, naye akacheka bila kujua sababu. Ee Mungu. Na mimi!

Dodoso la mfua nguo liko mezani. Viti vinne nimevikata kwa mstari. Pembeni, pa sababu, bado patupu. Kudanganya sidanganyi. Kumvua nguo mama wa watu simvui. Nadhani najua pa kuanzia: nitamkaribisha Daktari kwenye mto mwekundu, akishakaa vizuri nimwambie, hicho kiti si changu —

Hodi. Ndiye. Na nyuma yake namwona jirani anakuja mbio, kabeba kiti cha tatu.