Vidole vya Pomboo

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba waraka huu ukufikie Mkwiro ukiwa umesharudi kutoka hospitali, na mdogo wangu Halima akusomee taratibu. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio umelemewa.

Uliuliza kazi yangu hapa Ujerumani ni ipi hasa, maana watu wanasema naosha mifupa. Ni kweli, Baba. Naosha mifupa ya wanyama kwenye makumbusho, kisha naipanga. Jumanne ile nilipewa pezi la pomboo. Miaka yote umewapeleka wageni kuwatazama pomboo, lakini ndani ya pezi hujapaona. Mna vidole, Baba! Vitano, na kifundo, na mifupa ya kigasha, ile kati ya kifundo na kiwiko, kama mkono wako.

Bibi Helga, msimamizi wangu, akaniambia, "Kufanana huku kunaitwa homolojia."

Nikamuuliza neno limetoka wapi.

"Kwa Wagiriki. Kwao lilikuwa la watu wanaosema neno moja, wanaokubaliana. Wanasayansi wakalichukua kwa viungo vyenye asili moja, hata kama kimoja huogelea na kingine hushika."

Nilikuwa na mfupa wa kidole mkononi Halima alipopiga simu.

"Dada, kile kidonda cha Baba kimeharibika, sukari imekizidi. Wanataka kumkata mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo, leo hii. Anauliza wewe wasemaje."

"Mwambie akubali," nikasema.

Kisha nikakimbilia ofisi ya vibali, ambako pasi yangu ya kusafiria imezuiliwa tangu mfungo wa Ramadhani. Karani akatazama kompyuta yake. "Bado haijarudi."

"Baba yangu anakatwa mkono."

"Pole sana. Bado haijarudi."

Nikasimama palepale hata akamwita aliye nyuma yangu. Nikarudi kazini, nikavipanga vile vidole kinyume. Bibi Helga aliona, akavigeuza mwenyewe.

Jana Halima kaniambia vidole bado vinakuwasha, unamwomba akukune pale pasipo na kitu. Baba, nimehifadhi majina ya mifupa yote ya mkono, na sina hata neno moja la kukufaa. Nisamehe nilivyosema "akubali" upesi vile, kana kwamba mkono ni wangu.

Nisalimie Mama, na Ami Bakari anayekushikia usukani wa boti. Na Halima, ukimwomba tena, asikuambie kuwa hapana kitu. Akukune.

Mwanao niliyeshindwa kufika,
Mwanasha