Meno ya Mlima wa Ntembo

Ibaba, Ileje
3 Juni 1996

Kwako Danford, mume wangu,

Salamu zako nimezipata kwa mdomo wa Watson, dereva wa lori la maharage, maana wewe siku hizi kalamu imekuwa nzito kuliko gunia. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia. Ukungu ukishuka linagoma. Kifua chako je? Kama bado unakohoa vaa sweta, uache kujionyesha kwa wasichana wa mpakani.

Naandika mwenyewe, hakuna mtu aliyenishikia mkono. Nilisoma ngumbaru miezi minane ikanitosha.

Watson anasema umeng'oa meno ya pikipiki ya babu yako. Kile kisahani kikubwa cha gurudumu la nyuma umekitoa, umeweka kidogo, na sasa unakimbia kwenye lami kama umeiba kuku. Nilipokupa ile Honda nilikwambia maneno mawili tu. La kwanza usimwazime mtu. La pili usiguse meno. Ulikuwa umeziba masikio?

Irudishe ilivyokuwa, uje nayo. Nina safari ya kwenda juu Ntembo, kwa mdogo wangu Ikupa. Anaumwa, miguu imemvimba, hawezi kushuka. Mwanawe Enoka alisema ataleta vijana wanne wanibebe kwa machela. Nilimfukuza. Machela ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa, nina goti.

Nijibu upesi.

Ni mimi Bibi yako.


Tunduma
15 Juni 1996

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepata nafuu na kuni zipo ndani. Mimi kifua kimepona, nguvu ninazo, hata ugali nauona mdogo.

Bibi, usinikasirikie kabla sijajieleza. Huku si Ibaba. Huku ni lami. Kisahani cha babu kilikuwa na meno arobaini na tisa. Kikiwa kikubwa vile pikipiki inapata nguvu ya kupanda, lakini mbio haina. Injini inalia mpaka watu wanageuka, na bado mwenye baiskeli ananikaribia. Abiria wa kwenda Mpemba wakaanza kunikimbia. Ndiyo maana nimeweka meno thelathini na nane nyuma, na mbele nimeongeza jino moja. Sasa inateleza. Cheni ilikuwa ndefu mno kwa kisahani kidogo, nikaikata vipande kadhaa. Kile cha zamani meno yalikuwa yamelika mpaka yakachongoka, nikamwachia Mzee Zahoro wa duka la vipuri, akakipeleka kwenye chuma chakavu.

Lakini usihofu. Nitakuja mwezi wa saba. Mlima wa Ntembo nitaupanda kwa gia namba moja, taratibu, na utafika.

Ni mimi mjukuu wako mtiifu,
Danford.


Ibaba
2 Julai 1996

Danford,

Marahaba. Huku baridi imekausha hata majani ya viazi. Mimi mzima. Mtiifu umejiita mwenyewe.

Unanifundisha mimi meno? Babu yako alipofunga kile kisahani nilikuwa nimeshika gurudumu, na kuhesabu nilihesabu mimi, kwa punje za mahindi, punje moja kwa kila jino, kwa sababu yeye alikuwa anapotea akifika thelathini. Kabla ya hapo aliwahi kuweka kidogo kama chako. Akanipakia twende kwenye harusi. Kona ya pili pikipiki ikakata pumzi, nikashuka mbele ya watu na gauni langu jipya, nikaisukuma. Mimi mzito, sioni aibu kusema. Usije na hayo meno ya lami.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Babu yako alipofariki, Ikupa alifika siku ya tatu. Mvua ilikuwa imekata njia. Mimi nikasema mbele ya waombolezaji kwamba amefuata nyama, hakufuata kilio. Alikunja kanga yake akarudi kwenye mvua ileile. Mwaka wa tisa huu hatujaonana. Sasa miguu imevimba hadi magotini, na Enoka anasema akilala chini pumzi inamwishia.

Kwa hiyo nitafika kwake nimekaa wima, juu ya pikipiki ya shemeji yake. Sifiki nimebebwa kama mzigo, ili aone huruma asahau kunikasirikia. Anayo haki ya kunikasirikia. Akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa mzima.

Umeelewa?

Bibi yako.


Tunduma
9 Agosti 1996

Shikamoo Bibi,

Sijui nianze wapi. Tangu nikuache nyumbani siku ile, mkono unakataa kuandika. Goti limeamkaje? Kuteremka kile kilima kwa miguu, ukishika mti huu na ule, najua kumekuumiza. Ungenitukana njia nzima ningepumua.

Ulisema nisije na meno ya lami, nikaja nayo. Nilidhani ni maneno ya kizee, unisamehe. Kona ya pili, palepale, ikakata pumzi. Nikalazimisha klachi mpaka ikanuka kuungua, na wewe umekaa nyuma umenyooka kama uko kanisani. Nilipokuambia shuka Bibi, nilitamani ardhi inimeze.

Nimekwenda kwa Mzee Zahoro. Yeye ni mtu wa Tanga, mpole, lakini aliposikia habari yote aliweka miwani mezani akaniambia, "Kijana, umempandisha bibi yako mlimani na meno ya kwendea Vwawa kwenye lami?" Mafundi wote wakacheka. Sasa ananiita Vwawa.

Kisahani cha meno arobaini na nane kimepatikana upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Pungufu ni jino moja tu, na lile nililoongeza mbele nalitoa. Cheni niliyoikata haifiki tena. Nilitaka kuiunga kwa vipande vya cheni nyingine, Mzee Zahoro akakataa. Cheni kuukuu imevutika, akasema, ukiiunga na mpya itakatikia mlimani, na safari hii mtateremka kinyumenyume. Kwa hiyo nasubiri cheni mpya, ndefu, na klachi. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne nitakuwa mlangoni kwako.

Mjukuu wako,
Danford.


Ibaba
14 Agosti 1996

Danford,

Mimi mzima. Goti lina uvimbe kidogo, nalifunga majani. Barua hii anakuletea Watson mkononi, uisome ukiwa umesimama.

Enoka alipita jana. Mama yake alisikia pikipiki siku ile. Sauti inapanda ule mlima kama imewekewa ngazi. Akasema, hiyo ni ya shemeji. Akaomba asaidiwe kukaa, akamtuma mtoto abandike chai, wakatoa kigoda nje. Kisha sauti ikakatika. Alikaa hadi jua likazama, anasema labda wamesimama kupumzika. Hakutaka chai iepuliwe.

Mimi nilikuwa nadhani atanifukuza.

Usingoje Jumamosi. Cheni ikifika kesho, njoo kesho kutwa. Pungufu ya jino moja si neno, nitaacha kikapu nyumbani. Usijibu barua hii. Washa pikipiki.

Bibi yako.


Ntembo, kwa Ikupa
5 Septemba 1996

Kwako Danford mume wangu,

Habari za huko? Ulifika salama na ile baridi? Sisi wazee wawili tupo. Mmoja goti, mmoja miguu, tukijumlisha tunapata mtu mmoja anayeweza kutembea.

Sikukushukuru siku ile kwa sababu ulikuwa umenikasirisha miezi miwili, na hasira haiondoki kwa kupanda mlima mara moja. Lakini ulipanda vizuri. Polepole mno, watoto wa shule walitupita wakitucheka, yule mwenye kaptura iliyochanika akatuuliza kama tunahitaji kusukumwa. Haikusimama hata kona moja. Nilikuwa nahesabu kona.

Uliondoka haraka hukuona yaliyofuata. Yale ya msiba nilikuwa nimeyapanga mdomoni tangu Ibaba. Nikasema, Ikupa, siku ile. Akanikatiza, akasema maji ya moto yako kwenye sufuria na mkwe wake hajui kukanda miguu, ananyunyiza tu kama anamwagilia mboga.

Sasa nisikilize. Rudisha meno yako ya lami, ufanye kazi. Hicho kisahani kikubwa kipake grisi, kifunge kwenye gunia, na ile cheni ndefu pamoja nacho, usikate hata kipande. Nikitaka kushuka nitakuandikia. Kwa sasa sishuki. Daktari wa miguu huku ni mimi.

Asubuhi na jioni namkanda. Anasema nakanda vibaya, nikaze mkono. Leo uvimbe uko palepale, sitakudanganya. Nakaza mkono. Naacha kuandika, maji yanapoa.

Ni mimi Bibi yako.