Maji ya Jumanne na Fimbo ya Anaeli

Kwako Baba Anaeli,

Nakusalimu hapo ulipolala chini ya migomba yako. Sisi huku tumeamka wazima. Mama yako mzazi anakusalimu. Mguu unamsumbua lakini mdomo hauna neno, jana alinigombeza kwa sababu ya chumvi. Naomi anakusalimu kutoka Ngaramtoni kwa mumewe, tumbo lake limekuwa kubwa na mimi nalala nalo mawazoni kana kwamba ni langu. Yohana wetu mdogo anakusalimu, ameng'oka meno ya mbele na sasa hawezi kupiga mluzi, nyumba imepoa kidogo. Yule ng'ombe mweusi amezaa jike, nadhani hiyo ndiyo salamu yake. Salamu za Anaeli sina. Hajaniandikia tangu tulipokuzika. Ndiyo maana nimekaa hapa na karatasi.

Unajua kuandika kwangu ni kule kwa darasa la kipaimara tu. Herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Utasoma polepole. Na mimi nitasema polepole, maana nikiharakisha nitalia, na karatasi ni moja.

Baba Anaeli, Mzee Sifaeli wa mfereji alikuja. Alikuja vizuri, na fimbo yake na koti lake, akakaa kwenye kigoda chako, nikampa chai. Akasema zamu ya maji ya Jumanne asubuhi sasa inarudi kwake, sisi turudi kwenye zamu yetu ya zamani, ile ya Jumamosi jioni wakati watu wote wa juu wameshamwagilia na mfereji unaleta matope na vyura.

Nikamuuliza kosa letu ni nini. Akasema hakuna kosa. Makubaliano yalikuwa kati yake na marehemu, marehemu hayupo, na mwanawe Petro amemaliza shule. Nikauliza, makubaliano gani? Akanitazama akidhani namtania. Kisha akacheka, akasema, "Kumbe hakukwambia? Ile fimbo ya kuongozea bendi, mama. Mwaka ule wa Gavana."

Akaeleza yote huku anapuliza chai. Kwamba Gavana alikuwa anakuja bomani Arusha, na yeye alitaka watu wa mlimani wamwone Petro wake akitembea mbele ya tarumbeta. Kwamba wewe ulikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa bendi ukamwambia nyumbani tumekataa, Anaeli aondolewe mbele. Na wewe ukapewa Jumanne. Halafu akaongeza, kwa wema kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha: "Na wewe tulikusingizia kidogo. Marehemu alisema kijana hatabisha akisikia ni mama yake anayeogopa."

Tulikusingizia kidogo.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimwongezea chai, mume wangu. Alipoondoka ndipo nikakaa chini pale pale kwenye majivu.

Unakumbuka walivyomchagua Anaeli aongoze bendi? Wewe ndiwe uliyenihadithia, ukiwa umesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwalimu aliwapanga uwanjani akawaambia kila mmoja akasimame nyuma ya yule ambaye angemfuata njia nzima mpaka mjini. Wakasimama nyuma ya Anaeli mstari mrefu hadi kwenye ua wa misheni. Na Petro akasimama nyuma yake, tena wa pili. Hata Petro. Ulisema hivyo, na macho yako yalikuwa na maji.

Nilikuwa namwona kutoka jikoni, anatembea katikati ya kahawa na mwiko wangu wa kukorogea loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa, anauinua na kuushusha, na Yohana nyuma yake anapiga sufuria. Nilimwuliza mbona hageuki kuona kama mwenzake anamfuata. Akasema, "Kiongozi hageuki, mama. Anasikiliza miguu." Nami nikacheka kwamba miguu ya Yohana inasikika mpaka kule Sakina. Lakini neno lile nililiweka.

Siku za mazoezi ya kwenda mjini aliwatoa wale wafupi nyuma akawaweka mbele, ili warefu wafuate hatua zao na asiachwe mtu kwenye mteremko. Yule wa ngoma kubwa alipopoteza mapigo hakumkaripia, alikanyaga kwa nguvu zaidi mpaka mwenzake akaisikia hatua na kurudi. Wakifika kijitoni wanakunywa wote, yeye wa mwisho. Kabla ya kuingia mjini aliwasimamisha wafute vumbi miguuni kwa majani ya mgomba, maana viatu havikuwapo, akasema miguu safi ni viatu pia. Haya yote nilisimuliwa na mama zao sokoni. Nilitembea na kikapu changu kama mke wa jumbe.

Ni kweli niliogopa. Sitakataa. Siku ile alipoanguka kwa jua pale Ngaramtoni nilimpepea kwa kanga nikilia mbele ya watu, na nilisema nyumbani mara nyingi kwamba bendi hii itanitoa roho. Mimi naogopa mvua, naogopa nyoka, naogopa kikohozi. Wewe ulikuwa unanitania, unaniita Mama Itakuwaje. Lakini je, niliwahi kwenda kwa mwalimu? Niliwahi kumnyima mtoto chochote kwa hofu yangu? Niliogopa, na huku namfulia kaptura yake nyeupe. Wewe uliichukua hofu yangu, kitu changu cha ndani, ukaenda kuitumia nje kama jembe la kuazima.

Sasa naona kila kitu. Jioni ile Anaeli alikuja bila fimbo. Alikula, akanawa, hakunitazama. Nikakuuliza kuna nini, ukasema, "Muache, ni ujana." Mwalimu naye, kila Jumapili mlangoni pa kanisa, ananishika mkono ananiambia, "Usiogope, mama." Nikadhani ni maneno ya dini.

Na siku Gavana alipokuja nilisimama kando ya barabara na wanawake wenzangu. Petro akapita mbele na ile fimbo ya kifundo cha shaba, anageuka kila hatua kutazama nyuma. Anaeli alikuwa safu ya mwisho na tarumbeta. Nilimpungia mkono. Aliniona. Nilifikiri hakuniona, kumbe aliniona.

Na yale maji! Nilipoona Jumanne ya kwanza mfereji umejaa mpaka ukingoni niliimba. Wewe ulisema Mzee Sifaeli amekuheshimu. Nilimpelekea mkewe mkungu mzima wa ndizi kushukuru. Nilibeba kwa kichwa changu hiki. Ndizi zetu zikanenepa, tukala, nikampikia na Anaeli, akaila nafasi yake aliyonyang'anywa bila kujua anakula nini. Wewe ulijua. Ulikuwa unakula na kusifu chumvi.

Ulipokuwa unaumwa nilikuinua, nilikuosha, na siku zote zile ulikuwa na kinywa. Uliniambia habari ya uzio, habari ya ndama, habari ya deni la mundu kwa jirani. Hili hukulisema.

Kwenye maziko Anaeli alikupigia tarumbeta yako ya kanisa, mwenyewe, mpaka mwisho bila sauti kukatika. Anakupenda sana. Mimi alinisalimia shikamoo kama unavyomsalimia mama wa mtu mwingine. Nilimwomba akae siku mbili tatu kabla ya kurudi Moshi kazini. Akasema, "Nikikaa utaogopa, mama." Nikafikiri ni mzaha wa baba yake ameurithi.

Nimewaza nimwandikie. Kisha nikawaza, nikimwambia, atabaki na baba wa namna gani? Nikinyamaza, atabaki na mama wa namna gani? Hapo ndipo nimekwama, na wewe ndiwe uliyeniweka hapo.

Basi sikiliza. Kaburi lako sitaliacha. Ule mgomba wa kichwani pako umeanza kukunja majani, maana maji hayafiki tena, na kila Jumanne nitakuletea ndoo yangu kutoka kijitoni. Hilo nakuahidi, na unajua ninaloahidi nalifanya hata nikiwa na hasira. Nina hasira.

Lakini jambo lako liseme wewe. Usinijie mimi usingizini, mimi nimeshajua. Mwendee yeye huko Moshi, mwambie kwa kinywa chako kwamba mama yake hakumtoa mbele. Nakupa mpaka mavuno ya kahawa. Yakifika bila neno lake, nitavaa nguo ya kanisa niende mwenyewe, na nitamwambia yote, hata jinsi ulivyosimama mlangoni na kofia mkononi, maana na hilo ni kweli.

Kwaheri, mume wangu. Lala. Ila ukimaliza kusoma usikae, jibu upesi. Kahawa ya upande wa jua imeshaanza kuwa nyekundu.

Ni mimi,
Mama Anaeli