Mama Mkubwa Ananiita Madamu

Mpendwa Mama Frema, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa urefu wa barua, maana jambo hili nimelikalia miezi saba bila kumwambia mtu isipokuwa mume wangu, naye ushauri wake ndio umenizidishia wasiwasi.

Mimi ni mkunga, nina miaka hamsini na miwili, nafanya kazi Sunyani. Nilizaliwa kijiji cha kakao huko nyuma ya Goaso, na mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba akaniachisha shule ili niwapikie vibarua wake, na maisha yangu yangeishia pale pale kwenye mafiga kama si dada yake mama, Mama Mkubwa Nyarkoa, aliyekuja kwenye arobaini ya mama akanikuta naosha masufuria, akamwuliza baba, "Huyu yuko darasa la ngapi?" baba akamjibu, "Darasa lake ndilo hilo." Mama Mkubwa hakubishana. Asubuhi alinifungia nguo zangu kwenye kitenge tukaondoka mpaka Nsawam, kwake na kwa mumewe, Mzee Gyabaa, ambaye hata kuulizwa hakuulizwa, alitukuta tu tumekaa sebuleni akasema, "Basi ongezeni maji kwenye supu."

Pale nyumbani walikuwa wanaoka mikate. Mimi na binti yao Pokuaa tuliamka alfajiri tukaiuza barabarani, tukirudi tunaoga, tunavaa sare zinazofanana, tunakwenda kukaa dawati moja, na Mama Mkubwa alinisomesha hivyo hivyo mpaka chuo cha ukunga, na siku niliyohitimu alipiga vigelegele mpaka mlinzi akamwomba apunguze.

Sasa desturi yetu unaijua, ukitendewa jambo kubwa wakubwa wako wanakwenda nawe kesho yake alfajiri kushukuru kwa kinywa mbele ya mashahidi, na pasipo hivyo ni kama hukupokea kitu. Baba yangu hakwenda. Mpaka leo anasema, "Mimi sikumpa mtoto, alinichukulia. Nimshukuru aliyeniibia mpishi?" Nami nikawa nasubiri baba alainike, miaka ikakatika, nikawa natuma vitu, jokofu, godoro, vitenge, nikiamini vinasema kwa niaba yangu.

Februari mwaka huu niliteuliwa kuwa mkuu wa wodi ya wazazi, na kanisani nikapewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Mama Mkubwa alisafiri toka Nsawam na miguu yake iliyovimba, akakaa safu ya pili. Mama Frema, sijui nilipatwa na nini. Nilipoona watu wanaanza kulia nikaongeza chumvi, nikasema mimi ni yatima niliyekulia kwa watu, nikatumikishwa kuuza mikate kabla ya jua kuchomoza, nikasoma kwa taa ya barabarani, na hakuna aliyenishika mkono ila Mungu peke yake. Nyumba ile ilikuwa na umeme. Na sinia la Pokuaa lilikuwa kubwa kuliko langu. Watu walisimama wakashangilia, nami nikamwona Mama Mkubwa anajikongoja kutoka kabla ya sadaka, nikamfuata nikamkuta ameshaketi ndani ya gari, akaniambia bila hasira, "Kumbe sisi ndio hao watu."

Tangu hapo nimekwenda Nsawam mara tatu. Zamani nikifika nilikuwa napita moja kwa moja jikoni kufunua vyungu. Sasa ananiambia, "Karibu Madamu, keti," anaagiza niletewe maji, na nikishakunywa ananiuliza kama anavyoulizwa mgeni, "Huku kwetu ni kwema. Wewe ndiye mwenye safari, tuambie kilichokuleta." Nami najibu, "Si kwa ubaya, nimekuja kuwasalimu tu." Anasema, "Tumeshukuru, Madamu," basi, imeisha hiyo. Mara ya mwisho Pokuaa alinisindikiza getini akaniambia, "Dada, maziwa ya kopo usiache kuleta. Mama hayagusi, lakini majirani wanakuombea sana."

Ana miaka themanini na mmoja. Mimi ni mtu wa hospitali, nikiitazama miguu ile najua. Mume wangu anasema nisijidhalilishe kwa bibi kizee aliyenuna, nisubiri siku yake ifike nimzike kwa heshima ambayo Nsawam haijaona, jeneza la kioo, bendi, na bango kubwa barabarani lenye jina langu kati ya watoto wake. Nusu yangu inakubali, nusu nyingine inaona aibu. Je, nimlazimishe baba aende, au nisubiri, au nifanye nini ili aniite mwanangu kabla hajatutoka?

Mimi,
Madamu wa Sunyani.

MAMA FREMA ANAJIBU

Madamu, pole. Kufiwa na mama na kuvuliwa sare katika mwaka mmoja si jambo dogo, na mtoto aliyepitia hayo anaweza kukua na njaa ya kuonewa huruma isiyoisha hata akiwa na cheo. Nimekuelewa. Lakini kukuelewa si kukusamehe, na mwenye kusamehe si mimi.

Barua yako ina kurasa nne. Baba umemweka ukurasa wa kwanza, kanisa umelificha wa tatu. Unataka niamini kwamba tatizo ni desturi ambayo baba yako hakuitimiza. Baba yako ni mkaidi, sawa, lakini ukaidi wake Mama Nyarkoa ameishi nao miaka arobaini na hakukuita Madamu hata siku moja. Alikupenda bila kushukuriwa. Kilichomshinda ni kusikia mbele ya watu wote kwamba hakuwahi kuwepo. Ile kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwake ulimpokonya ukampa Mungu, ambaye wala hakuwa ameiomba.

Halafu tangu lini kwetu sisi, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ndiye msemaji wa ukoo huo? Huna mjomba? Mwanamke mzima, unazalisha wanawake wenzako kila siku, halafu unangoja baba akushike mkono kwenda kusema asante. Umejificha nyuma ya mzee wa watu, na umemfanya ngao.

Sasa hapa ndipo uliponikera kweli. Mara tatu mama huyu amekuuliza kilichokuleta. Wewe umeona amekufanya mgeni, na ni kweli amekufanya mgeni, lakini asiyetaka kusikia haulizi. Angekuacha unywe maji yako uondoke. Mkubwa akikuuliza habari ya safari amekwisha kaa sawa kukusikiliza, na mzigo wowote uliokuja nao unautua hapo. Amekufungulia mlango mara tatu na miguu yake ile, na mara tatu umemwambia umekuja kusalimu tu.

Mumeo mwache na jeneza lake. Wazee wetu waliposema ukoo hupenda maiti hawakuwa wanausifu ukoo.

Fanya hivi. Mchukue mjomba wako, na kama hayupo tafuta mtu mzima yeyote wa upande wa mama yako. Laleni Nsawam, alfajiri mbishe hodi. Usibebe maziwa ya kopo. Chupa ya kinywaji cha desturi inatosha. Kaeni, kunyweni maji, na akiuliza kilichowaleta, mjomba aseme ya miaka arobaini: mtoto wetu ulimtoa kwenye mafiga ukampeleka shule, nasi tulikuwa hatujaja. Ya kanisani mjomba asiyaguse. Hayo ni yako. Na usiniletee maneno ya "kama nilikukosea." Sema, "Nilidanganya. Wewe ni mama yangu, na nilikukana ili watu wanipigie makofi." Kisha nyamaza. Akikutukana, kaa. Akilia, usimnyamazishe, yeye si mgonjwa wako. Ukitoka hapo mwombe radhi Pokuaa, ambaye aliuza mikate ile ile na hakuna kanisa lililomshangilia.

Ukirudi Sunyani nenda kwa mchungaji, omba madhabahu ile ile, Jumapili, watu wakiwa wamejaa. Wataje kwa majina, yeye na Mzee Gyabaa, na useme umeme ulikuwepo. Utaaibika. Kuna watakaocheka, na kuna watakaosema mkuu wa wodi ni mwongo, na hawatakuwa wamekosea.

Kama atakuita mwanangu baada ya hapo, mimi sijui. Huenda ukabaki Madamu mpaka mwisho, na hiyo ni haki yake. Huendi kushukuru ili upewe kitu tena. Ulishapewa.

Barua yako ilikaa ofisini siku tisa kabla sijaifungua, na gazeti hili linatoka Alhamisi. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mtu wa hospitali. Usiniandikie tena kunieleza unavyojisikia. Panda gari.