Kopo Namba Tatu na Nyota za Chebet

Jumamosi, mwezi wa nane, 1996. Litein.

Asubuhi jua, saa nane mvua ya mawe, saa kumi jua tena, kama mtu aliyegombana na mkewe akasahau sababu. Chai yangu imetobolewa majani, lakini moyo uko juu.

Leo nimesahihisha nyota.

Cheka tu, daftari. Mimi wa darasa la sita (shule niliiacha mimi, haikuniacha), niliyefika Mombasa mara mbili na Kampala mara moja, leo nimewakosoa watu wa darubini.

Iko hivi. Chebet, binti ya dada yangu, anasomea nyota chuo kikuu, na likizo hii anamalizia kazi yake hapa kwangu. Ana mafungu ya zile karatasi za kompyuta zenye matundu pembeni. Wataalamu wa ng'ambo wamepika nyota kwa hesabu, ya joto hili, ya joto lile, na mwanga wa kila moja umechorwa mstari wenye vilima na mabonde. Ukiwa na nyota ya kweli, unalinganisha mwanga wake na hizo za mfano. Inayofanana nayo ndiyo inakupa joto lake.

Nyota zake kadhaa zilikataa kulingana na yoyote. Profesa akamwandikia kwamba amepima vibaya, arudie yote ama aiache hiyo kazi. Anataka jibu wiki ijayo.

Jumatano nilimpa shauri langu la busara. "Kitabu ni kitabu. Sogeza hesabu zako kidogo zikubaliane na wakubwa, upate cheti, tule mbuzi." Mbuzi mwenyewe nilikuwa nimeshamwahidi kila mtu sokoni.

Alienda kukamua ng'ombe wangu, na ng'ombe huyo hajawahi kukamuliwa kwa hasira vile.

Leo mvua ya mawe ilitufungia ndani. Nikamwambia azipange nyota za mfano kwa safu mezani, kutoka baridi kwenda moto, kama tulivyopanga vikombe kiwandani. Miaka tisa niliandaa chai katika chumba cha kuonja. Unapima majani, unamimina maji ya moto, unapanga vikombe, halafu mwonjaji anapita akifyonza na kutema. Mbele ya safu kuna vikombe vya mfano, kutoka makopo yenye namba, na chai yote huhukumiwa kwa hivyo.

Basi nikapita mbele ya nyota zake, mikono nyuma, kama bwana mkubwa.

"Anko, usiziteme tu," akasema.

Kila mchoro ulipishana kidogo na jirani yake, bonde likipungua, kilima kikiinuka, kama rangi ya chai inavyogeuka kikombe hadi kikombe. Mpaka wa saba na wa nane. Hapo sikuona hatua. Nikaibandika hiyo miwili kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine. Ikalala unywele kwa unywele.

"Hata kichaka kimoja hakitoi vikombe viwili hivi," nikamwambia. "Hawa wamejaza makopo mawili kutoka gunia moja."

Chebet alidhani ni yeye aliyenakili vibaya. Akafungua orodha yenyewe iliyotoka ng'ambo. Juu, viwango viwili tofauti vya joto. Chini, tarakimu zilezile hadi ya mwisho. Na nyota zake zilizokataa, zote zilikuwa za joto la hapo hapo.

Akakaa chini. "Nani ataniamini, Anko? Hii inatumiwa na dunia nzima. Mimi ni mwanafunzi wa kukamua ng'ombe."

"Wewe andika."

"Ni rahisi kusema. Na umejuaje haraka hivyo?"

Hapo nikabanwa. Nilijua kwa sababu kosa hilo nimewahi kulifanya mwenyewe.

Mwaka mmoja, nikiwa kiwandani, nilikuwa na haraka ya kufika arusini Kiptere. Nikajaza kopo namba mbili na kopo namba tatu kutoka gunia moja, nikaondoka. Siku tatu chai yetu, ikihukumiwa kwa mfano huo wa uongo, ikaonekana ina kasoro, na lawama ikamwangukia Joeli, fundi wa mashine ya kukaushia. Walisema anaunguza chai. Wakamtoa, wakampeleka kupasua kuni. Siku ya nne niligundua, nikabadilisha majani ya kopo namba tatu kimyakimya. Chai ikawa nzuri, nao wakasema, mnaona, shida ilikuwa Joeli.

Alipasua kuni mpaka alipostaafu.

Nilimweleza Chebet yote, mimi ambaye hadithi zangu huwa na shujaa mmoja tu. Nikamwambia pia kwamba shauri langu la Jumatano lilikuwa la mtu mwoga. Hakucheka. Alivuta karatasi, akaanza barua kwa profesa, na ile michoro miwili akaikunja ndani.

"Kongoi, Anko," akasema bila kuinua kichwa. Hiyo ni asante. Kisha: "Na ya kwako utaiandika lini?"

Joeli hukaa benchi la pili kanisani. Kila Jumapili hunishikia nafasi, huniita mtaalamu, na mimi huitika.

Barua ya Chebet itaondoka Jumatatu. Ya kwangu haihitaji stempu. Kesho nitafika kabla ya kengele, nimwambie Joeli mbele ya benchi zima kwamba mashine yake haikuunguza hata jani moja.